Ibara ambayo hata theluthi mbili ya wabunge hawawezi kuigusa

Tarehe 23 Machi 1933 wabunge wa Ujerumani walikutana katika jumba la opera la Kroll mjini Berlin, kwa sababu jengo lao lilikuwa limeungua mwezi mmoja nyuma. Wanamgambo wa chama cha Nazi waliuzunguka ukumbi na wengine wakajipanga ndani, wamevaa sare. Mbele ya wabunge palikuwa na muswada mfupi wa ibara tano tu, ulioipa serikali ya Adolf Hitler uwezo wa kutunga sheria bila Bunge, zikiwemo sheria zinazokwenda kinyume na katiba. Waliosema ndiyo walikuwa 444. Waliokataa walikuwa 94, wote wa chama cha Social Democrats. Wakomunisti 81 waliochaguliwa siku chache kabla hawakuwemo ukumbini; baadhi walikuwa vizuizini, wengine wamekimbia au wamejificha.

Muswada ulihitaji theluthi mbili kwa sababu ulikuwa unabadili katiba, na hapo ndipo kisa kinapomkera mwanasheria kuliko mtu mwingine yeyote. Katiba ya Weimar ya mwaka 1919, yaani katiba ya Ujerumani ya wakati huo, ilikuwa na orodha ndefu ya haki za raia. Lakini ibara yake ya 76 iliruhusu kubadilisha chochote ndani yake ilimradi kura zimetimia. Gerhard Anschütz, mfafanuzi mkuu wa katiba hiyo, alishikilia kwamba mamlaka ya kurekebisha hayana mpaka: kura zikitosha, zimetosha. Aliyebisha alikuwa Carl Schmitt, aliyeandika mwaka 1928 kwamba kurekebisha katiba ni jambo moja na kuiangamiza ni jingine. Miaka mitano baadaye Schmitt huyohuyo alijiunga na chama cha Nazi. Wazo tutakalolifuatilia hapa halikuzaliwa na watakatifu.

Tusidanganyane pia kwamba yaliyofanyika Kroll yalikuwa halali kwa kipimo cha siku zile. Kanuni za Bunge zilichezewa ili asiyehudhuria bila ruhusa ahesabiwe kuwa yupo, na vitisho vilikuwa wazi. Zaidi ya hayo, haki zenyewe zilikuwa zimeshasimamishwa tangu tarehe 28 Februari, kwa amri ya dharura ambayo Rais Hindenburg aliisaini chini ya ibara ya 48: uhuru wa mtu, uhuru wa maoni, mikutano, siri ya barua na simu. Amri hiyo ya "muda" ilidumu mpaka utawala wa Nazi ulipoanguka mwaka 1945. Na katika miaka yote hiyo katiba ya Weimar haikuwahi kufutwa rasmi. Hapakuwa na haja.

Watu 65 mjini Bonn

Septemba 1948, katika Ujerumani ya Magharibi iliyokuwa bado chini ya majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa, wajumbe 65 wakakaa Bonn kuandika katiba mpya. Wanawake walikuwa wanne tu, na mmoja wao, Elisabeth Selbert, alipigana karibu peke yake mpaka ikaandikwa kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa. Pendekezo lake lilikuwa limekataliwa kwanza, akawageukia wananchi, hasa wanawake, nao wakawafurika wajumbe kwa barua. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Konrad Adenauer, aliyekuja kuwa Kansela wa kwanza, yaani mkuu wa serikali. Tarehe 8 Mei 1949 walipiga kura, 53 kwa 12, na tarehe 23 Mei katiba hiyo, iliyoitwa Sheria ya Msingi, ikatangazwa.

Walichofanya kwanza ni kupanga upya. Katika katiba ya Weimar haki za raia zilianza ibara ya 109, baada ya mambo ya vyeo na vyombo vya dola. Bonn wakazipeleka mbele kabisa, na katika ibara ya 1 wakaandika kwamba haki hizo zinawafunga watunga sheria, serikali na mahakama kama sheria inayotumika moja kwa moja. Bunge haliwezi kusema haki ni malengo mazuri ya baadaye. Wakampunguzia Rais nguvu karibu zote. Wakazuia pia mchezo wa Weimar wa kuangusha serikali bila kuwa na nyingine: Kansela haondolewi kwa kura ya kutokuwa na imani mpaka Bunge limchague mrithi wake kwa kura hiyohiyo. Silaha hiyo imejaribiwa mara mbili tu. Mwaka 1972 ikashindwa kwa kura mbili, na mwaka 1982 ikamtoa Helmut Schmidt na kumwingiza Helmut Kohl.

Kisha wakafika kwenye swali la Kroll. Je, kura zikitimia, kila kitu kinaruhusiwa?

Ibara ya 79 inajibu kwa hatua tatu. Kwanza, marekebisho yoyote lazima yabadilishe maneno ya katiba yenyewe, ili mtu akiifungua aone kilichobadilika. Enzi za Weimar sheria ya pembeni iliyopata theluthi mbili iliweza kuipinda katiba huku maandishi yake yakibaki vilevile, na raia asiweze kujua katiba yake inasema nini leo. Pili, zinahitajika theluthi mbili katika Bundestag, yaani bunge lenyewe, na theluthi mbili katika Bundesrat, baraza la serikali za majimbo. Tatu, hata kura hizo zikipatikana, yapo mambo ambayo hayaguswi: mgawanyo wa nchi katika majimbo, ushiriki wa majimbo katika kutunga sheria, na misingi iliyowekwa katika ibara ya 1 na ya 20. Ibara ya 1 ni utu wa binadamu. Ibara ya 20 ni demokrasia, dola ya majimbo, dola ya ustawi wa jamii, mamlaka yatokayo kwa wananchi, na mihimili inayofungwa na sheria. Wajerumani huiita sehemu hii ya tatu kifungu cha milele.

Hapa kuna kosa ambalo hata wanafunzi wa sheria hulifanya. Haikuandikwa "ibara ya 1 mpaka ya 20". Imeandikwa "ya 1 na ya 20". Tofauti ya neno hilo moja ni kubwa, kwa sababu uhuru wa maoni, wa dini, wa kukutana, wa makazi, haki ya mali, haki ya hifadhi, zote zimo katikati. Hizo zinaweza kurekebishwa, na zimerekebishwa.

Mfano unaouma zaidi ni hifadhi ya kisiasa. Mwaka 1949 iliandikwa kwa ufupi wa ajabu: wanaoteswa kwa sababu za kisiasa wana haki ya hifadhi. Miongoni mwa walioandika wapo waliowahi kuwa wakimbizi wenyewe. Mwaka 1993, baada ya idadi ya waombaji kupanda na vituo vyao kushambuliwa kwa moto, vyama vikubwa viliungana na kuigeuza sentensi hiyo kuwa ibara ndefu ya 16a, ambayo anayeingia kupitia nchi jirani iliyo salama hawezi kuitegemea. Ukitazama ramani, Ujerumani imezungukwa na nchi kama hizo pande zote. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba iliyathibitisha marekebisho hayo na kusema kwamba haki ya hifadhi haimo katika kiini kisichoguswa. Kwa Mkongo au Mrundi aliyefika Munich kwa njia ya nchi kavu, mjadala mzima wa "milele" ulikuwa hauna msaada.

Hata hiyo milele ina mlango. Ibara ya 146 inasema Sheria ya Msingi itakoma siku watu wa Ujerumani watakapojiamulia kwa uhuru katiba nyingine. Hili ndilo jibu kwa wanaouliza watu 65 wa mwaka 1949 walipata wapi mamlaka ya kuwafunga wajukuu zao. Hawakuwafunga wananchi. Waliwafunga wabunge.

Ndege iliyotekwa

Maneno "utu wa binadamu hauguswi" yanaweza kusomwa kama sala. Ili kuona yanavyofanya kazi, chukua kesi ya sheria ya usalama wa anga.

Januari 2003 mtu mmoja aliteka ndege ndogo akazunguka nayo juu ya majengo marefu ya benki mjini Frankfurt. Alishuka salama, lakini mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani yalikuwa bado vichwani mwa watu. Bunge likatunga sheria iliyompa waziri wa ulinzi ruhusa ya kuamuru ndege iliyotekwa idunguliwe, abiria wakiwemo, ikiwa imegeuzwa silaha ya kuua walio ardhini. Rais Horst Köhler aliisaini mwaka 2005 huku akisema hadharani kwamba ana shaka nayo. Wakaenda mahakamani watu kadhaa, wakiwemo wanasiasa wakongwe wa kiliberali Burkhard Hirsch na Gerhart Baum, ambaye aliwahi kuwa waziri wa mambo ya ndani.

Hesabu ya serikali ilionekana ya kawaida: abiria mia moja ambao watakufa kwa vyovyote, dhidi ya maelfu walio ardhini. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ikaifuta sheria hiyo. Sababu yake haikuwa kwamba hesabu ni mbaya. Ilisema dola hairuhusiwi kuipiga hesabu hiyo kabisa. Abiria waliotekwa tayari wamefanywa chombo na watekaji. Dola ikiwaua ili kuwaokoa wengine, nayo inawafanya chombo, inaamua kuhusu maisha yao kana kwamba wao si watu tena bali ni sehemu ya silaha. Na aliyebakiza dakika tano za kuishi ana utu uleule wa aliyebakiza miaka hamsini.

Wapo wanaoiona hukumu hii kuwa ya wasomi waliokaa mbali na hatari. Mimi naiona kuwa ya kweli kuliko nyingi, kwa sababu haimwahidi mtu usalama. Inasema kuna jambo moja ambalo dola haitalifanya, na gharama ya kutolifanya inaweza kuwa kubwa. Pia inaonyesha jinsi kiini hicho kilivyo kidogo. Utu peke yake ndio haupimwi na kitu kingine. Haki nyingine zote hupimwa.

Maswali manne

Kupimwa kwenyewe ndiko kunakomgusa mwananchi mara nyingi zaidi, ingawa hakuandikwi magazetini. Mwaka 1956 mfamasia mmoja aliomba leseni ya duka la dawa katika mji mdogo wa Bavaria. Akanyimwa, kwa kuwa sheria ya jimbo iliruhusu duka jipya pale tu lilipohitajika na lisipowaumiza waliotangulia kibiashara. Mwaka 1958 Mahakama ya Katiba ikaivunja sheria hiyo, na katika hukumu hiyo ikajenga utaratibu ambao sasa unafahamika duniani kote kama kanuni ya uwiano.

Dola inapobana haki inaulizwa kwa mfuatano. Lengo lako ni halali? Njia uliyochagua inaweza kweli kulifikia lengo hilo? Hakuna njia nyingine yenye matokeo yaleyale na maumivu madogo? Na hata kama hakuna, faida inalingana na kile anachopoteza mtu? Sheria ya Bavaria ilikwama kwenye swali la tatu. Kulinda afya ya umma ni lengo zuri, lakini unaweza kulifikia kwa kukagua dawa na kusimamia wauzaji, bila kumzuia mtu kufanya kazi aliyoisomea.

Mizizi ya kanuni hii ni ya zamani kuliko demokrasia ya Ujerumani. Mwaka 1882 mahakama ya utawala ya Prussia iliamua kesi kuhusu kilima cha Kreuzberg mjini Berlin. Polisi walikuwa wamezuia majengo marefu ili mnara wa ushindi wa kilimani uonekane vizuri, mahakama ikasema kazi ya polisi ni kuzuia hatari, na mandhari mabaya si hatari. Utawala ulikuwa wa kifalme, lakini jaji aliyetaka kujua "sababu ni nini?" tayari alikuwepo.

Karibu na kanuni ya uwiano ipo ibara ya 19, inayosema haki inapobanwa, kiini chake hakiwezi kuondolewa. Msomaji wa Kenya anaweza kuifungua Katiba yake ya 2010, ibara ya 24, akakuta jambo hilohilo: sheria isiibane haki kiasi cha kukipokonya kiini chake, na kabla ya kubana iangaliwe kama ipo njia isiyobana sana. Maneno hayo yalipitia Afrika Kusini, ambako katiba ya mpito ya 1993 iliazima sharti la kiini kutoka kwa Wajerumani. Mwanasheria wa Nairobi anayeuliza mahakamani "kwani hapakuwa na njia nyepesi zaidi?" anauliza swali la mfamasia yule.

Anayelinda

Haya yote yangekuwa karatasi kama pasingekuwa na mlango wa kugonga. Mahakama ya Katiba ya Shirikisho ilianza kazi Septemba 1951 katika mji wa Karlsruhe, mbali na wanasiasa kwa makusudi. Ina majaji 16 katika mabaraza mawili ya watu wanane. Nusu huchaguliwa na Bundestag, nusu na Bundesrat, kwa theluthi mbili, kwa hiyo hakuna chama kinachoweza kujaza watu wake peke yake. Jaji hukaa miaka 12, harudi tena, na anastaafu akifika miaka 68. Asiye na muhula wa pili hana wa kumbembeleza.

Ugunduzi mkubwa, kwa maoni yangu, ni malalamiko ya kikatiba. Mtu yeyote anayeona dola imekiuka haki yake ya msingi anaweza kuiandikia Mahakama mwenyewe, bila wakili na bila kulipa ada, akishamaliza ngazi za mahakama za kawaida. Si lazima awe Mjerumani. Mwanafunzi wa Kitanzania aliye Hamburg anaweza kulalamika. Ila ajue kuwa haki chache, kama uhuru wa kukutana na wa kuchagua kazi, zimeandikwa kwa ajili ya raia, naye itabidi aegemee ibara ya 2, ile ya uhuru wa jumla. Malalamiko hufika maelfu kila mwaka na yanayofaulu ni kama mawili katika kila mia. Idadi ni ndogo, lakini sheria ya mfamasia na ya ndege zilianguka kupitia mlango huo.

Na kifungu cha milele chenyewe kimefuta marekebisho mangapi ya katiba tangu 1949? Hata moja.

Kilikaribia. Mwaka 1968 katiba ilirekebishwa ili simu na barua za mtu zichunguzwe bila yeye kuambiwa kamwe, na bila kuweza kwenda mahakamani. Mwaka 1970 majaji watano waliyapitisha marekebisho hayo, watatu wakakataa kwa maneno makali. Mwaka 1998 ikaruhusiwa kutega vinasa sauti ndani ya nyumba za watuhumiwa wa makosa makubwa. Waziri wa sheria, Sabine Leutheusser-Schnarrenberger, alikuwa amejiuzulu mwaka 1996 chama chake kilipoukubali mpango huo, kisha akaenda Karlsruhe kama mlalamikaji. Hukumu ya mwaka 2004 ilikuwa ya kijanja. Marekebisho ya katiba yalibaki, lakini yasomwe kwa jicho la utu. Na sheria iliyoyatekeleza ikaonekana, kwa sehemu kubwa, kuwa kinyume cha katiba. Mtu akianza kuzungumza na mkewe mambo ya ndani kabisa, au akiungama kwa padri, kinasa sauti kizimwe. Majaji wawili walisema hiyo haitoshi, marekebisho yenyewe yalipaswa kufa.

Kwa hiyo kifungu hiki kimefanya kazi zaidi kwa kuwapa majaji namna ya kusoma katiba kuliko kwa kufuta. Anayekisifu kama ukuta anakisifu kwa kazi ambayo hakijawahi kuifanya.

Kutoka Heidelberg mpaka Nairobi na Dar es Salaam

Februari 1965 msomi wa Kijerumani wa Heidelberg, Dieter Conrad, alitoa mhadhara katika chuo kikuu cha Banaras nchini India. Aliwauliza Wahindi maswali ya mtu aliyeujua mwaka 1933: Bunge lenu linaweza kurekebisha katiba ili kurudisha utawala wa mfalme wa Moghul, au wa taji la Uingereza? Chama tawala kikiona kura zinapungua, kinaweza kumkabidhi Rais mamlaka ya kurekebisha? Mawakili wakazibeba hoja zake mahakamani. Tarehe 24 Aprili 1973, kwa kura 7 kwa 6, Mahakama ya Juu ya India ikaamua kwamba Bunge linaweza kurekebisha chochote isipokuwa muundo wa msingi wa katiba. Tofauti na Ujerumani, katiba ya India haikuandika kifungu kama hicho popote. Majaji walikiona kati ya mistari.

Kutoka India wazo likaja kwetu. Wakenya wanakumbuka BBI, mchakato wa kurekebisha katiba ulioasisiwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema katiba ya 2010 ina muundo wa msingi ambao hauwezi kubadilishwa kwa njia ya kawaida. Agosti Mahakama ya Rufaa ikakubali. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikakataa sehemu hiyo: Kenya haihitaji fundisho la kuagiza, kwa kuwa ibara ya 255 tayari imetaja mambo mazito yanayohitaji kura ya maoni. BBI yenyewe ilianguka hata hivyo, kwa sababu Rais hawezi kutumia njia ya marekebisho iliyowekwa kwa ajili ya wananchi.

Tanzania ilipita njia hiyo mapema zaidi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 kuhusu mgombea binafsi, Bunge likajibu kwa kurekebisha Katiba ili kuifunga njia hiyo. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema fundisho la muundo wa msingi halitumiki hapa, na mwenye neno la mwisho ni Bunge. Anschütz angeitambua hoja hiyo. Mtikila akaenda Arusha, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa haki. Katiba haijabadilishwa kwa ajili hiyo.

Ulaya si moja

Tusidhani kwamba Ulaya nzima inafuata njia ya Karlsruhe. Ufaransa na Italia zimezuia jambo moja tu kwa maandishi, kuondoa mfumo wa jamhuri. Uholanzi, nchi isiyotuhumiwa udikteta, katiba yake ibara ya 120 inawakataza majaji kupima sheria za Bunge kwa katiba. Uingereza haina katiba ya hati moja wala jambo ambalo Bunge haliruhusiwi, lakini Septemba 2019 majaji wake 11 walikubaliana wote kwamba waziri mkuu Boris Johnson alivunja sheria alipolisimamisha Bunge kwa wiki tano. Na walioifuta kweli sheria ya katiba ni Wacheki: mwaka 2009 mahakama yao ilibatilisha sheria ya kufupisha muhula wa bunge mara moja tu, kwa ajili ya mgogoro mmoja, na uchaguzi uliokuwa umeshapangwa ukaahirishwa.

Funzo kali zaidi limetoka Hungary na Poland. Nchini Hungary, mwaka 2010 chama cha Viktor Orbán kilipata takriban asilimia 53 ya kura, na mfumo wa uchaguzi ukazigeuza kuwa theluthi mbili ya viti. Mwaka huohuo mahakama ya katiba ilipobatilisha kodi ya asilimia 98 iliyotoza hata mapato yaliyopatikana kabla ya sheria yake, Bunge likaiondolea mahakama mamlaka juu ya sheria nyingi za fedha. Idadi ya majaji ikapanda kutoka 11 hadi 15. Katiba mpya ikaanza Januari 2012, na Machi 2013 marekebisho ya nne yakazifuta nguvu hukumu za kabla ya katiba hiyo na kusema mahakama itapima marekebisho kwa utaratibu tu.

Poland hata theluthi mbili hazikuhitajika. Desemba 2015 sheria ya kawaida iliilazimisha mahakama ya katiba kusikiliza kesi kwa zamu ya kufika na kuamua kwa theluthi mbili ya majaji, jambo lililotosha kuikwamisha. Machi 2016 majaji waliibatilisha sheria hiyo, serikali ikakataa kuichapisha hukumu. Hakuna aliyegusa neno moja la katiba. Ni sawa na mwenye nyumba aliyeweka kufuli kubwa mlangoni na kumwacha mlinzi bila mshahara.

Wajerumani walilitazama hilo wakagutuka, kwa sababu mambo mengi ya Mahakama yao, ikiwemo idadi ya majaji na muhula wao, yalikuwa katika sheria ya kawaida. Wingi wa kawaida ungeweza kuongeza majaji au baraza la tatu kesho yake. Desemba 2024, serikali ya Kansela Olaf Scholz ikiwa imeshavunjika, vyama vilivyokuwa vikigombana kwa mengine yote vilipiga kura 600 kwa 69 kuyahamishia mambo hayo ndani ya katiba: majaji 16, mabaraza mawili, miaka 12, kutorudi tena, na kwamba hukumu zinawafunga wote. Chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, kilipinga.

Miezi mitatu baadaye yalitokea mambo yaliyowaacha wengi wakikuna kichwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 23 Februari 2025, ilijulikana kwamba katika Bundestag mpya AfD na Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, kwa pamoja vitakuwa na zaidi ya theluthi moja, kura za kutosha kuzuia marekebisho yoyote. Bundestag ya zamani ikaitwa tarehe 18 Machi, wiki moja kabla ya mpya kukaa, ikalegeza ukomo wa deni la taifa kwa ajili ya ulinzi na miundombinu. Wapinzani walikimbilia Karlsruhe. Mahakama ilikataa kusimamisha kikao, kwa kuwa bunge la zamani lina mamlaka kamili mpaka jipya likutane. Kisheria ni sawa. Lakini mtu aliyepiga kura Februari ana haki ya kuona kwamba theluthi mbili zilitafutwa pale zilipokuwa bado zinapatikana.

Na kuna jambo moja ambalo marekebisho ya Desemba hayakuligusa. Sharti la theluthi mbili katika kuwachagua majaji halikuingizwa katika katiba. Waliogopa kwamba chama chenye theluthi moja ya viti kingelitumia kuzuia kila uteuzi, kwa hiyo wakaweka tu njia ya kando: chombo kimoja kikishindwa kumchagua mrithi kwa wakati, kingine kinaweza kumchagua. Julai 2025 uchaguzi wa majaji watatu uliahirishwa siku yenyewe, baada ya wabunge wa muungano tawala kumgomea mgombea mmoja, Frauke Brosius-Gersdorf, ambaye hatimaye alijitoa. Wengine wakachaguliwa Septemba. Sharti lenyewe la theluthi mbili lingali katika sheria ya kawaida, na kuliondoa kunahitaji wingi wa kawaida tu.